Nani Aliyeulizwa? Mahojiano ya Kiswahili na Wasanii Wasema Kweli wa Kongo, kutoka Simi-Simi hadi Mtandaoni

1. Utangulizi

Alfajiri ya tarehe 24 Novemba, 1964, askari wa miavuli wa Ubelgiji wapatao 320 waliruka kutoka katika ndege za kijeshi za Marekani wakatua katika uwanja wa ndege wa Simi-Simi, upande wa magharibi wa mji wa Stanleyville, ambao tangu 1966 unaitwa Kisangani. Mji huo ulikuwa mikononi mwa waasi tangu mwanzoni mwa Agosti. Waasi hao walijiita kwa jina la Kiswahili, Simba, na serikali yao, iliyoongozwa na Christophe Gbenye, ilikuwa imewazuia mamia ya wageni kama mateka. Waliookolewa walisafirishwa kwa ndege hadi Léopoldville, na huko ndiko waandishi wa habari walikowapokea kwa kalamu na kamera. Kabla mwaka 1965 haujaisha, mwandishi wa Kimarekani David Reed alikuwa amekwisha kutoa kitabu kizima juu ya siku 111 za mateka hao.

Idadi ya Wakongo waliouawa mjini humo na katika vijiji vya jirani, kwanza kwa mikono ya waasi na baadaye kwa mikono ya wanajeshi na mamluki waliouteka tena mji, huhesabiwa kwa maelfu. Hao na jamaa zao hawakuwekewa kamera. Mwandishi Edward Behr, katika kitabu chake cha mwaka 1978, alisimulia habari ya mtangazaji mmoja wa televisheni aliyepita katikati ya Wazungu waliokuwa wakihamishwa kutoka Kongo, akiuliza kwa sauti kama yupo miongoni mwao mwanamke aliyebakwa na ambaye anajua Kiingereza. Kisa hicho kimekuwa kikirudiwa kama mzaha mchungu wa waandishi wa habari. Lakini ndani yake mna kanuni ambayo inafaa kuchukuliwa kwa uzito: ili mtu aulizwe, ilimpasa atimize masharti mawili, awe amepatwa na jambo, na awe na lugha ya muulizaji.

Makala haya yanachunguza jinsi sharti hilo la pili lilivyovunjwa. Yanafuata historia ya mahojiano yaliyofanywa kwa Kiswahili na wasanii, watunzi na wasemaji wa mitaani wa Kongo, watu ambao hawakuwa na cheo wala ruhusa ya kusema waliyoyasema, hadi maneno yao yalipofika mahali ambapo mtu yeyote mwenye mtandao anaweza kuyasoma. Aidha, yanauliza gharama ya hatua hiyo ilikuwa nini, na nani aliyeilipa.

2. Sauti ya mkubwa

Kiswahili kilifika katika maporomoko ya mto Kongo pamoja na misafara ya pembe za ndovu na watumwa. Mwaka 1887 Dola Huru ya Kongo, iliyokuwa mali ya Mfalme Leopold II, ilimtambua Hamed bin Muhammed el-Murjebi, maarufu kwa jina la Tippu Tip, kuwa gavana wake mahali hapo. Baada ya kurejea Unguja, Tippu Tip aliandika habari za maisha yake kwa Kiswahili katika hati za Kiarabu. Aliyemwomba afanye hivyo alikuwa Mjerumani, Heinrich Brode, ambaye aliyageuza maandishi hayo katika hati za Kirumi na kuyachapisha Berlin, pamoja na tafsiri ya Kijerumani, katika miaka ya 1902 na 1903.

Kwa hiyo maelezo ya kwanza makubwa ya Kiswahili juu ya nchi ya Kisangani yalizaliwa na swali la mgeni. Lakini mgeni huyo alimuuliza mkubwa. Wapagazi waliobeba pembe, wanawake waliotekwa vijijini na vijana waliolelewa katika misafara hawakuulizwa chochote. Ajabu ni kwamba lugha iliyobaki nchini haikuwa ile ya Tippu Tip. Ilikuwa lugha ya hao walionyamaza: Kingwana, jina litokanalo na waungwana, ambacho kilichanganyika na lugha za wenyeji, baadaye na Kilingala na Kifaransa, na kuwa Kiswahili cha masoko, cha makambi na cha migodi. Wakoloni walikidharau kama lugha iliyoharibika. Wataalamu wa pwani nao, kwa muda mrefu, hawakukitazama kwa jicho jema zaidi. Maelezo ya kisarufi ya Nico Nassenstein juu ya Kiswahili cha Kisangani yalitoka mwaka 2015 tu.

3. Watumishi wanajiandikia

Mfano wa kwanza wa watu wadogo kuyasema mambo yao wenyewe kwa maandishi ya Kiswahili cha Kongo haukutokana na mhojaji. Mwaka 1965, mwaka mmoja tu baada ya siku ya Simi-Simi, chama cha waliokuwa watumishi wa nyumbani mjini Élisabethville, leo Lubumbashi, kilitoa kijitabu kilichopigwa chapa kwa mashine ya kurudufia. Kilikusanywa na André Yav, na kichwa chake cha Kifaransa kilikiita msamiati wa mji wa Élisabethville. Yaliyomo hayakuwa msamiati. Ilikuwa historia ya mji na ya Katanga kama ilivyoonekana kutoka jikoni na mlangoni, na watu waliofua nguo za mabwana na kuyasikia mazungumzo yao mezani.

Kijitabu hicho kilimtatiza kila aliyekisoma, kwani maneno yalikatwa na kuunganishwa bila kufuata kanuni yoyote ya tahajia, na alama za kituo zilikuwa chache. Johannes Fabian, mwanaanthropolojia aliyekitolea toleo la kitaalamu mwaka 1990, alitambua kwamba maandishi ya namna hii hayafahamiki kwa macho peke yake. Kalundi Mango, msemaji wa Kiswahili hicho, aliyasoma kwa sauti, sauti hiyo ikanaswa, na ndipo maana ikafunguka. Funzo hili ni la msingi. Maandishi ya watumishi wale yalikuwa sauti iliyotua kwenye karatasi kwa muda, na yalihitaji kinywa ili yarudi kuwa habari.

4. Mchoraji anayejiita mwanahistoria

Fabian alikuwa ameijua Katanga tangu katikati ya miaka ya 1960, alipokuwa akichunguza Jamaa, kundi la Wakatoliki lililotokana na mafundisho ya Padri Placide Tempels. Alirudi mwanzoni mwa miaka ya 1970 kufundisha Lubumbashi. Hapa kuna jambo la kitaasisi linaloihusu Kisangani moja kwa moja. Mwaka 1971 serikali ya Mobutu iliviunganisha vyuo vikuu vyote vya nchi, kikiwemo kile kilichoanzishwa Stanleyville na Waprotestanti mwaka 1963, kuwa chuo kikuu kimoja cha taifa. Masomo ya lugha, fasihi na jamii yaliwekwa Lubumbashi, na Kisangani ikapewa masomo mengine, yakiwemo elimunafsi na ualimu. Mgawanyo huo unasaidia kueleza kwa nini hazina kubwa ya kanda za mahojiano ilijengwa kusini, ilhali mji wa mto ulibaki na kumbukumbu zake vichwani.

Mjini Lubumbashi Fabian, pamoja na Ilona Szombati, aliwajua wachoraji waliouza kazi zao mlango kwa mlango kwa watu wa kawaida, ili zitundikwe sebuleni. Katika makala yao ya 1976 walieleza kwamba wachoraji na wanunuzi waliitathmini picha kwa neno moja la Kiswahili: ukumbusho. Picha nzuri ni ile iliyomkumbusha mtu mambo aliyoyapitia, ikamfanya aseme. Picha iliyoonyesha mfungwa akichapwa kiboko mbele ya ofisa wa Kibelgiji haikuwa pambo. Baba wa nyumba aliitundika ili watoto waulize.

Miongoni mwa wachoraji hao alikuwamo Tshibumba Kanda Matulu, aliyezaliwa mjini humo mwaka 1947. Alichora juu ya kitambaa cha magunia ya unga. Alipokutana na Fabian mwaka 1973 alijitambulisha kwamba kazi yake hasa ni historia, na kwamba alitamani kuichora historia nzima ya nchi yake. Msomi akamtia moyo. Katika mwaka huo na uliofuata Tshibumba alileta picha kwa mafungu, na mazungumzo yakanaswa katika kanda. Utaratibu uliojengeka kati yao ulikuwa wa namna hii: kwanza mchoraji alisimulia picha zake bila kukatizwa, moja baada ya nyingine, kisha zilirudiwa, na sasa mwenzake aliuliza, akabisha, akaomba ufafanuzi. Mfululizo uliochapishwa una picha 101. Unaanza na nchi ya mababu, unapita kwa Diogo Cão na mfalme wa Kongo, unafika kwa Leopold, ukoloni, uhuru, kujitenga kwa Katanga na utawala wa Mobutu, na haukomi hapo, kwani mchoraji alichora pia mambo aliyoyaona yakija.

Ni vyema ikumbukwe kwamba miaka hiyo haikuwa ya kusemasema. Nchi ilikuwa imepewa jina la Zaire mnamo Oktoba 1971, chama kilikuwa kimoja, na tarehe 30 Novemba, 1973, mazungumzo yakiwa hayajaisha, Mobutu alitangaza kutwaliwa kwa biashara za wageni. Patrice Lumumba alikuwa amekwisha kutangazwa shujaa wa taifa mwaka 1966, na aliyemtangaza ni Mobutu huyo huyo aliyempindua. Hivyo jina la Lumumba liliruhusiwa kutajwa, lakini habari ya kifo chake ilikuwa moto. Tshibumba aliugusa. Aliichora miili ya Lumumba, Mpolo na Okito ikiwa chini, damu ya Lumumba ikitiririka ardhini na kuandika neno la Kifaransa lenye maana ya umoja, na kwa mbali misalaba mitatu. Katika maelezo yake alimfananisha Lumumba na Yesu. Aidha, alichora mauaji ya wafanyakazi wa Union Minière waliogoma mjini Élisabethville mnamo Desemba 1941, jambo ambalo wazee wa makambi walilijua vizuri.

Fikra hizi hazikuwa za mtu aliyeongozwa na maswali. Msomi alipotaka tarehe na vyanzo, mchoraji alimrudisha kwenye fikira na kwenye picha yenyewe. Kwake yeye, kuchora kulikuwa njia ya kuwaza juu ya mambo yaliyopita, sawa na kuandika. Fabian alilikubali dai hilo. Katika kitabu chake anamtendea Tshibumba kama mwanahistoria mwenzake anayejadiliana naye. Hapo ndipo sharti la pili lilipovunjika. Lugha ya mahojiano ilikuwa ya mhojiwa, na aliyelazimika kujifunza ni muulizaji.

Pamoja na hayo, usawa huo una mipaka isiyofaa kufichwa. Muulizaji ndiye aliyekuwa mnunuzi. Bila fedha na hamu yake, huenda picha 101 zisingalipatikana zikiwa mfululizo, kwa sababu mnunuzi wa mtaani alihitaji picha moja au mbili za ukutani. Mahojiano, basi, hayakuikuta historia ya Tshibumba ikiwa tayari. Yaliisaidia kuzaliwa, na kisha yaliihamisha. Picha zimehifadhiwa Amsterdam, katika jumba la makumbusho lililoitwa Tropenmuseum hadi 2023, na watoto wa sebule za Lubumbashi hawakuzirithi.

5. Kutoka kanda hadi kitabu, kutoka kitabu hadi mtandao

Kitabu chenye picha na mazungumzo hayo kilichapishwa na chuo kikuu cha California mwaka 1996, miaka zaidi ya 20 baada ya kanda kunaswa. Kilikuwa cha Kiingereza. Mtu aliyetaka kujua Tshibumba alitumia neno gani hasa, wapi alichanganya Kifaransa, wapi alisita na wapi alicheka, hakuweza kujua. Kwa upande wa msemaji wa Kiswahili hali ilikuwa ya kinyume kabisa na haki: maneno yalitoka katika lugha yake, naye alipaswa kuyasoma katika lugha ya yule mtangazaji wa Behr.

Mwaka 1998 hatua nyingine ilichukuliwa. Fabian na mwanaisimu Vincent de Rooij wa Amsterdam walianzisha katika mtandao hifadhi ya Kiswahili cha watu wa kawaida. Maandishi ya watumishi wa 1965 yaliwekwa humo, na vilevile mazungumzo na Tshibumba, yakiwa katika Kiswahili chake pamoja na tafsiri. Kwa mara ya kwanza msomaji wa Mombasa, wa Bujumbura au wa Kisangani aliweza kumfuata mchoraji neno kwa neno bila kununua kitabu na bila kibali cha maktaba. Miaka kumi baadaye, katika kitabu cha 2008 kilichotokana na mazungumzo ya 1974 na mganga Kahenga, Fabian alieleza kwamba uwepo wa maandishi asilia mtandaoni hubadili kazi ya mtaalamu mwenyewe. Hawezi tena kuchagua vipande vinavyompendeza na kuficha vingine, kwa kuwa msomaji anayo mazungumzo yote na anaweza kumkosoa.

Tshibumba mwenyewe hakuyaona hayo. Baada ya mwanzo wa miaka ya 1980 hakusikika tena. Hakuulizwa kama anapenda maneno aliyoyasema chumbani mwaka 1974, chini ya utawala ule, yasomwe na dunia. Mobutu aliondoka madarakani mwaka 1997, na kwa hiyo hatari ya kisiasa ilikuwa imepungua maandishi yalipofunguliwa. Lakini ridhaa haipimwi kwa hatari peke yake. Mtu anayesema kweli mbele ya kinasa sauti humwamini mwenzake kwa jambo ambalo wote wawili hawalioni mwisho wake.

6. Kurudi mtoni

Kisangani iliingia katika historia hii kwa mlango wa jukwaa. Mcheza dansi na msimulizi Faustin Linyekula, aliyezaliwa Ubundu mwaka 1974 na kukulia Kisangani, aliishi nje ya nchi katika miaka ya mwisho ya Mobutu. Mwaka 1997 alishiriki kuanzisha kundi la dansi la Gàara jijini Nairobi, pamoja na Opiyo Okach na Afrah Tenambergen. Mwaka 2001 alianzisha Studios Kabako mjini Kinshasa, zikiitwa kwa jina la rafiki yake aliyefariki, na mwaka 2006 alizihamishia Kisangani. Uamuzi huo haukuwa mwepesi. Mji ulikuwa bado na majeraha ya siku sita za mwezi Juni 2000, majeshi ya Uganda na Rwanda yalipopigana humo kwa makombora. Mwaka 2022 Mahakama ya Kimataifa ya Haki iliiamuru Uganda iilipe Kongo dola za Kimarekani milioni 325 kwa madhara ya vita vyote vile, Kisangani ikiwamo.

Kazi za Linyekula zina asili ya mahojiano, ingawa huonekana kama dansi: wachezaji husimama na kueleza walikotoka na waliowapoteza. Katika onyesho la mwaka 2009, ambalo muziki wake uliongozwa na mpiga gitaa Flamme Kapaya, maneno yalikuwa mashairi ya Antoine Vumilia Muhindo, aliyekuwa gerezani Makala baada ya kuhukumiwa katika kesi ya kuuawa kwa Rais Laurent-Désiré Kabila. Mtunzi hakuweza kufika jukwaani. Maandishi yake yaliimbwa badala yake. Hapa uhusiano wa Tshibumba na Fabian umegeuzwa. Anayeuliza na anayejibu ni watu wa nchi moja, na marafiki, na aliyeko mbali amezuiwa na ukuta wa gereza.

Mlango wa pili ulikuwa redio. Tarehe 25 Februari, 2002, Radio Okapi ilianza kutangaza, ikiendeshwa na Umoja wa Mataifa pamoja na shirika la Fondation Hirondelle, kwa Kifaransa na lugha nne za taifa, Kiswahili kikiwa mojawapo. Vipindi vyake vya mazungumzo vilianza kusikika pia mtandaoni. Mtu wa Tshopo aliyekuwa na la kusema hakuhitaji tena kuvuka bahari ili apate kipaza sauti. Lakini ukaribu huo ulikuwa na bei yake. Katika mji wa Bukavu, wanahabari wawili wa redio hiyo waliuawa kwa risasi: Serge Maheshe mnamo Juni 2007, na Didace Namujimbo mnamo Novemba 2008. Katika enzi ya kanda, aliyekuwa hatarini zaidi ni mhojiwa, kwa kuwa mgeni aliweza kuondoka. Sasa muulizaji naye hana pa kuondokea.

7. Hitimisho

Mnamo Juni 2022 jino la Patrice Lumumba, mabaki pekee ya mwili wake, lilirudishwa na Ubelgiji. Jeneza lilizungushwa nchini kabla ya kuzikwa Kinshasa tarehe 30 ya mwezi huo, na Kisangani, mji alikofanya kazi kama karani wa posta, ulikuwa miongoni mwa vituo vyake. Tume ya bunge la Ubelgiji ilikuwa imekiri mwaka 2001 kwamba baadhi ya mawaziri na watumishi wa serikali ya Ubelgiji walibeba dhima ya kimaadili katika kifo hicho. Mchoraji wa magunia ya unga alikuwa amekizungumza mbele ya kinasa sauti karibu miaka 30 kabla ya tume, na kwa Kiswahili.

Mambo matatu yanadhihirika kutokana na historia hii. Kwanza, mahojiano na watu wasema kweli yalizaa matunda pale tu muulizaji alipokubali lugha ya muulizwa kuwa lugha ya kazi, na kuichapisha kama ilivyo. Pili, kila chombo kipya, kanda, kitabu, redio au mtandao, kiliongeza wasikilizaji na wakati huohuo kikamwongezea mtu mmoja hatari au hasara. Wajibu wa mtafiti ni kumjua mtu huyo ni nani kabla ya kubonyeza kitufe. Tatu, Kiswahili cha Kongo, ambacho vitabu vya sarufi vilikipuuza, kimehifadhi hoja nzito juu ya mamlaka, uhuru na kumbukumbu, na idara za Kiswahili za Afrika Mashariki zina sababu ya kuzisoma hoja hizo katika asili yake.

Kazi iliyo wazi zaidi iko Kisangani kwenyewe. Mtu aliyekuwa na umri wa miaka kumi siku ndege zilipopita juu ya Simi-Simi amezaliwa 1954, na wenzake wanapungua kila mwaka. Wako vijana wenye simu zinazonasa sauti na picha, na wako wasanii waliokwisha kuonyesha namna ya kuuliza. Wazee hao wakiulizwa leo, kwa Kingwana chao, hapana atakayewataka wajue Kiingereza kwanza.